Barua kutoka London: Mchoraji na pesa inayochelewa

Mchoraji wa London huuza picha zake kwa utaratibu ambao mfanyabiashara wa Kariakoo angeutambua mara moja: mali kauli. Picha hupelekwa galari, hutundikwa ukutani, na mchoraji hubaki mwenye mali mpaka mnunuzi apatikane. Ikiuzwa, galari hukata kamisheni yake, ambayo mara nyingi ni nusu ya bei, kisha humlipa msanii. Isipouzwa, hurudi studio imefungwa kwa plastiki ile ile ya mapovu iliyokwenda nayo.

Chukua picha ya pauni 2,000. Galari inabaki na 1,000. Turubai, rangi na fremu vimekula 180, kwa hiyo mchoraji anabakiwa na 820 kabla ya pango la studio na kodi ya serikali. Picha hiyo ilimchukua wiki tano kuichora, ikasubiri zamu ya maonyesho, ikakaa ukutani mwezi mzima, na galari nayo ina siku zake 30 za kulipa baada ya kupokea pesa ya mnunuzi. Kazi ya Februari inaweza kulipwa Agosti. Kipaji ndicho kinachomfikisha msanii kwenye ukuta wa galari, lakini kinachoamua kama bado atakuwa mchoraji miaka ishirini baadaye ni namna anavyouvuka muda huo ulio kati ya kumaliza kazi na kulipwa.

Ile nusu ya galari huwashtua wengi wanaotoka nyumbani Afrika Mashariki, na baadhi huiita dhuluma. Hesabu yake si ngumu kuielewa: galari hulipa pango la mtaa wa gharama, bima, mishahara na mvinyo wa usiku wa ufunguzi, na kikubwa zaidi, ina daftari la wanunuzi ambalo msanii hana. Hatari ya kweli ni kukabidhi picha kwa maneno matupu. Hati ya makabidhiano inayofaa hutaja jina la kila picha, vipimo, bei, asilimia ya kamisheni, nani analipia usafiri na bima, na malipo yatafanyika lini. Mstari mmoja hukumbukwa na wachache: punguzo. Mnunuzi wa ile picha ya 2,000 akipunguziwa asilimia 10, analipa 1,800. Punguzo likibebwa na pande zote mbili, msanii anapata 900. Likibebwa na msanii peke yake, anapata 800, na galari haijapoteza kitu. Hati ina uzito hata zaidi galari inapofilisika. Aliye nayo huchukua picha zake, na asiye nayo hulazimika kuthibitisha mbele ya msimamizi wa ufilisi kwamba kazi ya mikono yake ni mali yake.

Mfanyabiashara wa Kariakoo anaujua utaratibu huu, lakini ni mgeni kwa mchoraji aliyezoea kuuza picha Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi za ujenzi, aliuza nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Mteja alilipa, akabeba picha akaondoka. Malipo ya papo kwa papo yana heshima yake, maana hayamwachi msanii na njaa huku kazi yake ikining'inia kwenye ukuta wa mtu. Kasoro yake ni kwamba mteja huondoka pia na jina lake na anwani yake, na msanii hajui tena picha ilikokwenda. Tingatinga aliuawa 1972, baada ya miaka michache tu ya kuchora. Wanafunzi na ndugu zake waliendeleza mtindo wake, na ushirika wao ukaundwa rasmi 1990.

Baada ya mauzo huja mahali pa kufanyia kazi. London haina uani ambapo mtu ataegemeza turubai kwenye mwembe, na chumba cha kupanga hakivumilii harufu ya tapentaini. Wasanii wengi hupanga studio kwenye maghala na viwanda vya zamani vinavyosimamiwa na taasisi zisizotafuta faida. SPACE ilianzishwa 1968 na wachoraji Bridget Riley na Peter Sedgley, Acme ikafuata 1972 kwa kuwapa wasanii nyumba chakavu zilizokuwa zikisubiri kubomolewa mashariki mwa jiji. Studio ya kawaida ni chumba cha kuta nyeupe chenye taa za mirija na meza iliyoganda rangi. Sinki ni la ukumbi mzima, na kulala humo hakuruhusiwi. Januari, rangi ya mafuta hukataa kukauka, na picha iliyoahidiwa kwa maonyesho ya Machi huegemezwa karibu na kipasha joto kidogo kila jioni, isipasuke. Mitaa iliyokuwa ya wasanii ikipata umaarufu, pango hupanda, na wasanii huhama. Mwenye nafasi katika taasisi hizi hana sababu ya kuiachia haraka, kwa kuwa foleni ya wanaoisubiri ni ndefu.

Pango hulipwa kila mwezi na picha hazilipi kila mwezi, ndiyo maana karibu kila msanii ana kazi ya pili. Nyumbani watu huficha jambo hili kana kwamba ni kushindwa. Historia ya wasanii wetu wenyewe inasema vingine. Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, alikuwa mwalimu wa Makerere, na baada ya uhuru akaiwakilisha Tanganyika London kama balozi. Picha yake ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ilinunuliwa na jumba la MoMA la New York 1960. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi 1950, hufinyanga vyungu kwa mkono bila gurudumu, na kuving'arisha kwa kuvisugua badala ya kuvipaka glezi. Kazi ya namna hiyo haina haraka, na kwa miaka mingi alifundisha chuoni Farnham. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar 1954 na kukulia Uingereza, alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Central Lancashire, Preston. Tuzo ya sanaa ya Turner aliipata 2017 akiwa na miaka 63, mwaka ule ule waandaaji walipoondoa kikomo cha miaka 50 kwa washindani. Zawadi ya mshindi ilikuwa pauni 25,000, fedha ndogo ukiilinganisha na miongo mitatu ya kuchora kabla yake. Mshahara wa ualimu ndio uliolisha uchoraji, na picha hazikulazimika kumpendeza mnunuzi wa mwezi huo.

Si kila kazi ya pili inafaa. Inayomaliza nguvu za mikono na macho huua uchoraji polepole, hata ikilipa vizuri. Zamu za usiku kwenye makazi ya wazee, ambazo wengi wetu tunazifahamu, huacha mchana mtupu lakini huacha pia mwili usiotaka kusimama mbele ya turubai.

Ruzuku husaidia kununua muda. Baraza la Sanaa la England lilianzisha 2018 mfuko wa kumwendeleza msanii mmoja mmoja, wakati huo kwa pauni 2,000 hadi 10,000. Fedha hiyo hailengi kugharamia maonyesho. Humlipa msanii ajifunze, asafiri au ajaribu kitu kipya. Ushindani ni mkali, na maombi mazuri huandikwa kwa wiki kadhaa. Kwa wanunuzi kuna mpango wa Own Art, ulioanza 2004, unaomwezesha mtu kulipia picha kwa awamu 10 za kila mwezi bila riba, huku galari ikipewa pesa yake mapema. Mwalimu au muuguzi anaweza kununua picha kwa njia hiyo, na mchoraji asisubiri miezi kumi.

Viza huja kabla ya yote hayo kwa mtu asiye raia. Viza ya mwanafunzi wa Uingereza hairuhusu kujiajiri, na mwanafunzi wa sanaa anayeendesha biashara ya picha zake anahatarisha ukaazi wake. Viza ya vipaji, iliyoanza 2020, humruhusu msanii kujiajiri, nayo hudai tathmini ya Baraza la Sanaa, barua 3 za mapendekezo, na ushahidi wa maonyesho, tuzo au maandiko ya magazeti. Kijana wa Mombasa au Arusha anayetupa kipeperushi cha maonyesho yake ya kwanza anatupa sehemu ya ushahidi huo.

Mauzo yakizidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, ambao huishia Aprili 5, msanii hujiandikisha kama aliyejiajiri, na hesabu zake huzipeleka kwa mtandao kabla ya Januari 31 kuisha. Risiti za rangi, pango na usafiri hupunguza faida inayotozwa. Sheria inatambua pia kwamba kipato cha sanaa hupanda na kushuka: msanii anaweza kuomba faida ya miaka miwili inayofuatana igawanywe sawa, ili mwaka mmoja mnono usitozwe kana kwamba ni kawaida yake.

Kuna pesa inayofika hata baada ya picha kuuzwa. Tangu 2006 Uingereza humpa msanii sehemu ya bei kila kazi yake inapouzwa tena kupitia mnada au mfanyabiashara wa sanaa. Kiwango cha kwanza ni asilimia 4, kwa hiyo picha ikipigwa nyundo kwa pauni 20,000, aliyeichora hupata 800. Tangu 2012 warithi nao hulipwa, mpaka miaka 70 baada ya kifo chake. Uraia wa msanii una uzito hapa: hulipwa Waingereza, raia wa nchi za Ulaya na wa nchi zilizotajwa katika orodha ya kanuni. Kenya iliingiza haki kama hii kwenye sheria yake ya hakimiliki kwa marekebisho ya 2019, hatua inayostahili kufuatwa na majirani, kwani picha za Afrika Mashariki hupanda bei zikiwa mbali na familia za waliozichora. Shirika la DACS, lililoanzishwa 1984, hukusanya fedha hizi, pamoja na mrabaha wa kazi zinazochapishwa vitabuni na magazetini.

Fedha za namna hiyo humfikia tu yule ambaye picha yake inatambulika. Everlyn Nicodemus, aliyezaliwa Marangu 1954 na ambaye sasa anaishi Edinburgh, alijichora 1982. Mwaka 2022 picha hiyo ilinunuliwa na National Portrait Gallery ya London. Miaka 40 ni mingi kwa kumbukumbu ya kichwa. Kwa hiyo wachoraji wa huku huandika nyuma ya turubai, kabla rangi haijakauka vizuri upande wa mbele: jina lao, jina la picha, mwaka, aina ya rangi, vipimo, na namba inayolingana na ile iliyo kwenye daftari.