Jani Bichi la Mwezi wa Tisa



Leo nataka tuongee juu ya jani. Usicheke. Wengi wetu hapa tulikuwa watu wa mugodi, na kwetu jani lilikuwa kitu cha kupikwa ao cha kufagiwa. Lakini kazi ilipokwisha, jamaa nyingi zilifanya nini? Zilinunua mbuzi mbili, tatu, zikazifunga nyuma ya lupango. Mbuzi ndiyo banki yetu. Mtoto anapofukuzwa shuleni juu ya minerval, mbuzi anauzwa. Mama akilazwa ospitali, mbuzi anauzwa. Ndiyo maana mbuzi anapokufa, si mnyama tu amekufa. Ni mwaka wa masomo umeanguka pale chini.

Na wewe mwenyewe unajua kinachofuata. Mbuzi akikufa ghafla, hatuulizi alikula nini. Tunauliza: ni nani?

Nitakupa mfano mmoja wa mtaa wetu. Ilikuwa mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Jirani mmoja alikuwa na mbuzi saba. Ine zilikufa siku moja, kati ya saa sita na jioni. Kabla ya giza jina la mtu lilikuwa limekwisha kutoka: kambo mmoja mjane, anayekaa ngambo ya njia. Juma lililopita aligombana na jirani juu mbuzi zilikula matembele yake. Basi, vijana walianza kusema, “Ni bulozi ile! Alisema tutaona, na sasa tumeona.” Mawe yalirushwa juu ya mabati yake. Usiku ule binti yake alikuja kumuchukua, na kambo alitoka na kitambaa kimoja na sufuria.

Asubuhi muganga wa wanyama alifika, kwa kuwa mwenye mbuzi alitaka kujua kama zile tatu zilizobaki zitapona. Akapasua tumbo la moja mbele ya watu. Ndani mulikuwa majani machanga ya mihogo, mengi, hayajatafunwa vizuri. Kisha akaita mtoto mwenye kuchunga, kijana wa miaka kumi hivi. Mtoto akasema: “Tulipita ku shamba ile walikata mihogo. Majani ilikuwa inaota mupya. Mbuzi zilikula pale. Hakuna mutu aliniuliza.”

Ndugu msomaji, sombe ile ile tunayokula kila siku! Majani ya mihogo mabichi yana sumu, ndiyo maana mama zetu wanayatwanga na kuyapika muda mrefu mpaka sumu inatoka. Mbuzi hana kinu wala moto. Kambo alirudi kwake kisha siku tatu, lakini mpaka leo hapiti mbele ya lupango ile. Na sisi tunapokutana naye kwenye kisima, tunaangalia ndoo.

Tangu pale nilianza kusoma na kuuliza juu ya majani yenye kuua wanyama. Kati ya yote niliyosoma, kuko moja ambayo nataka uijue vizuri, juu hadithi yake inatufundisha sote.

Jani hili linaota kusini kwetu: Angola, Zambia, Zimbabwe, Botswana, Namibia, na sehemu ya kaskazini ya Afrika ya Kusini. Watswana wanaliita *mogau*. Wakulima wazungu wa kule waliliita *gifblaar*, maana yake jani la sumu. Wataalamu wa mimea wanaliita kwa Kilatini *Dichapetalum cymosum*. Jamaa yake ni kubwa katika Afrika, na ndugu zake wengine wanaota hata katika misitu ya Kongo yetu. Kule Sierra Leone kuko ndugu yake mmoja ambaye mbegu zake watu wanatumia tangu zamani kuua panya.

Ukiuona mmea wenyewe hutaogopa. Ni vijani vya kijani tu, vimesimama kwa vikundi juu ya mchanga, urefu wa kiganja cha mkono. Utasema ni kamti kadogo. Hapana! Ni mti mzima uliojificha. Shina na matawi yake yako chini ya udongo, yametambaa mbali sana, na mizizi inashuka chini kabisa kule maji yanabaki hata wakati wa jua kali. Kinachoonekana juu ni ncha za matawi tu. Ni kama mugodi wa chini: juu unaona mlango, kazi yote iko ndani.

Na pale ndipo hatari yake. Sisi watu wa huku tunajua mwezi wa nane na wa tisa ulivyo. Nyasi zimekauka, moto umepita, pori ni nyeusi, wanyama mbavu zinahesabika. Mogau haingoji mvua. Inakunywa maji yake ya chini, na inatoa majani mapya mabichi wakati pori yote ni majivu. Ng'ombe mwenye njaa anaona kitu kimoja tu cha kijani. Utamlaumu? Na majani yale machanga ndiyo yenye sumu nyingi kupita yote. Akila kidogo tu, inatosha.

Mara nyingi hakufi palepale. Anaendelea kutembea na wenzake. Kisha anakunywa maji, ao anakimbizwa kurudi kwenye zizi, na ghafla anatetemeka, anahema vibaya, anaanguka. Moyo umesimama. Sasa fikiri wewe ndiye mwenye ng'ombe. Umemuona akikunywa maji na kuanguka. Utasema nini? “Maji yametiwa sumu!” Na nani alipita karibu na maji asubuhi? Unaona jinsi jina la mtu linavyopatikana mbio.

Wachungaji wa kule walijua zamani kwamba jani hili linaua. Lakini kujua kwamba linaua, na kujua ni nini ndani yake inayoua, ni mambo mawili. Karibu na mji wa Pretoria kuko mahali panapoitwa Onderstepoort, laboratuari kubwa ya magonjwa ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1908. Kule, mtaalamu mmoja jina lake Marais alitafuta sumu ile ndani ya majani. Mwaka 1943 alifaulu kuitoa ikiwa safi, na mwaka 1944 aliandika ni kitu gani: asidi yenye fluori ndani yake, inayoitwa fluoroasetati. Wataalamu walishangaa, juu mpaka siku ile walizoea kuona vitu vya namna hii vikitengenezwa na watu, si na mmea. Wakati huohuo sumu ya namna ile ilikuwa inatayarishwa katika viwanda kwa kuua panya. Ndiyo ile inayojulikana kwa namba 1080. Kumbe mti mdogo wa mchangani ulikuwa unaitengeneza kabla ya watu.

Inaua namna gani? Kisha miaka michache, Peters, mwalimu wa Oxford kule Uingereza, alionyesha njia yake. Sumu hii inafanana sana na chakula cha kawaida cha mwili. Mwili unadanganyika, unaipokea, unaigeuza kuwa kitu kingine, na kitu kile ndicho kinachoziba mashine inayotoa nguvu. Wewe uliyefanya kazi ku konkaseri utanielewa. Chuma kinaingia katikati ya mawe, kinafanana na mawe, hakuna mtu anakiona. Mukanda unakipeleka wenyewe mpaka ndani. Kisha mashine yote inasimama. Katika ng'ombe na mbuzi, kinachosimama kwanza ni moyo.

Dawa ya kuaminika ya kumponyesha mnyama aliyekula jani hili haiko. Wakulima wa kule walijifunza kufanya nini basi? Kuling'oa ni kazi bure, juu mti uko chini na unaota tena. Walijifunza *wakati*. Mahali penye mogau wanapafunga tangu majani yake yanapotoka mpaka mvua imenyesha na nyasi zimekuwa nyingi. Mnyama aliyeshiba hana haja ya jani lile. Wakikuta wanyama wamekwisha kulila, hawawakimbizi. Wanawaacha watulie palepale, na maji wanawanyima kwa muda, juu mbio na maji ndivyo vinavyoangusha.

Tena walijifunza kulitambua vizuri, juu linafanana na majani mengine yasiyo na shida. Jani la mogau ni kijani sawasawa pande zote mbili; kuko lingine linalofanana nalo, lakini chini yake ni jeupe-jeupe kama majivu. Majani ya mogau hayasimami mawili-mawili kwa kuangaliana, yanapishana juu ya kijiti. Na ukilielekeza kwenye mwanga, mishipa yake midogo inapinda na kurudi kabla ya kufika ukingoni. Angalia namna gani macho ya mchungaji yanahitajika! Mtu mwenye haraka hawezi kuona mambo haya.

Sasa, ndugu msomaji, tufanye nini hapa kwetu? Nakuomba ushike mambo haya matano.

La kwanza: mnyama akikufa ghafla, muulize kwanza mtoto aliyechunga. Si kwa fimbo. Ukimpiga atasema, “Sijui,” na ukweli utakwenda naye. Muulize polepole: “Mulipita wapi? Walikula nini? Walikunywa wapi?” Kisha nenda naye mpaka pale.

La pili: chukua kitawi cha mmea usioujua, chenye majani yake, na maua kama yako, ukiweke katikati ya gazeti ili kikauke vizuri. Kipeleke kwa veterineri ao kwa agronomu. Jani lililosagika mfukoni halisemi kitu.

La tatu: sisi wa eneo la migodi tusisahau maji. Kama wanyama walikunywa ku mufereji unaotoka kwenye kiwanda ao kwenye mashimo ya wachimbaji, sema hivyo vilevile. Jani na maji, vyote viwili vichunguzwe.

La ine, na hili ni gumu: usile nyama ile, wala usiiuze. Najua njaa. Najua mtu anasema, “Hasara haiwezi kuwa mara mbili.” Lakini inaweza kuwa mara mbili, na zaidi. Sumu hii ya fluoroasetati inajulikana kwa kupita kutoka mnyama mpaka mnyama: mbwa anayekula panya aliyekufa nayo anaweza kufa vilevile. Mbuzi aliyekufa bila sababu kujulikana, chimba shimo refu, umuzike.

La tano: zuia jina la mtu lisitoke. Usiku wa kwanza ndio mbaya. Hasira iko moto, vijana wako pale, kila mtu anakumbuka ugomvi wa zamani. Wewe baba wa jamaa, wewe mama unayesikilizwa, simama useme: “Tungoje asubuhi. Tupasue tumbo kwanza.” Maneno hayo mafupi yanatosha kuokoa nyumba ya mtu. Mara nyingi anayetajwa ni nani? Ni mjane. Ni mzee asiye na mtoto karibu. Ni mtoto yatima anayelelewa na shangazi. Sijasikia hata siku moja wakimtaja mtu mwenye nguvu.

Mtu atanijibu: “Lakini kuko watu wenye kutia sumu kweli.” Ndiyo, wako. Ndiyo maana nasema tupasue tumbo, tupeleke jani, tuulize mtoto. Mwenye kutafuta kweli hapotezi kitu kwa kungoja asubuhi. Mwenye kurusha jiwe usiku, kesho ataliokota namna gani?

Na wewe kijana mchungaji, usifikiri kazi yako ni ya wajinga. Watu wa laboratuari walitumia vyombo vingi kujua kilicho ndani ya jani moja, lakini walianza na neno la wachungaji waliosema, “Wanyama wetu wanakufa wakila hili.” Wewe ndiye unayeona mbuzi inaweka mdomo wapi. Jifunze majani ya pori yako. Uliza wazee jina lake kwa kilugha, uandike ku kaye: linaota wapi, linatoka mwezi gani, mbuzi wanalipenda ao wanalikimbia. Kisha mwaka mmoja utakuwa na kitabu ambacho hakiko katika mtaa wote.

Mwezi wa tisa unapofika na pori ni jeusi, usipeleke mbuzi na njaa. Uwape kwanza kitu nyumbani: maganda ya viazi vitamu, nyasi ulizokausha tangu mwezi wa ine. Na pale utakapoona jani bichi peke yake katikati ya majivu, simama kwanza. Jiulize linakunywa maji wapi.