Mkweche, joto na mbung'o: Wewe utavumilia lipi?

Leo mambo ya mapenzi tuyaweke kando kidogo, wapendanao wana kurasa zao. Leo naongea na wewe mwenye mkweche, au unayemnyatia mwenye mkweche. Maana huku kwetu Mpanda, kama kiyoyozi cha gari yako ni kibovu, hata mchumba uliyemwahidi kumpeleka Sitalike kuangalia viboko anaweza kukukimbia njiani!

Unadhani natania? Ngoja Septemba na Oktoba zifike, mvua hazijaanza. Jua linawaka kama limelipwa. Utaniambia, si ufungue vioo tu? Thubutu! Kutoka mjini hadi Sitalike ni kilomita kama 35, na ukishaanza kuikata Hifadhi ya Katavi unapokelewa na mbung'o. Hao jamaa hawana utani. Wanafuata kitu kinachotembea, wanapenda rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi, na wakiamua kukuuma hata jinzi halikusaidii. Wapo pia wanaobeba malale. Kwa hiyo huku kiyoyozi si ubrazameni, ni chandarua cha mchana.

Sasa sikiliza kasheshe lililotukuta. Kaka yangu ana Toyota Corolla ya mwaka 1997. Ndiyo teksi yake, ndiyo inayotulisha, na ndiyo inayomlipia mdogo wetu ada. Oktoba moja gari ikaanza vituko. Ikiwa inakimbia barabarani, ubaridi unakuja safi. Ikisimama stesheni kusubiri abiria wa treni ya Kaliua, inapuliza joto, na mshale wa geji unapanda taratibu kama mtu anayepanda mnazi.

Fundi wa kwanza akasema gesi imeisha. Akajaza, akachukua chake, hali ikabaki ileile. Fundi wa pili akasema gasketi ya silinda hedi imekufa, tushushe injini. Wa tatu hata boneti hakufungua, akataka kuinunua kwa bei ya vyuma chakavu. Ee bwana, nyumbani pakawa pazito! Mama akasema liuzwe, hela ya ada ipatikane kabla shule hazijafunguliwa. Kaka akanyamaza siku mbili. Ukimwona mwanaume mzima anakaa kwenye gari iliyozimwa, ujue mambo yameharibika.

Ndipo tukaelekezwa kwa mzee mmoja, fundi umeme wa magari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Ikisimama inachemka, ikikimbia inapoa?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi msiiguse injini. Kwanza tuwaangalie wapuliza upepo."

Hebu fikiria mwenyewe. Gari ikikimbia, upepo wa barabarani unapita kwenye rejeta na kwenye kondensa ya kiyoyozi iliyo mbele yake. Ikisimama, upepo huo hakuna, kazi yote inaachiwa feni za umeme. Feni zikigoma, maji yanachemka na kiyoyozi nacho kinapuliza joto. Gonjwa moja, dalili mbili! Na hiyo gesi, msomaji, hailiwi kama petroli. Inazunguka humohumo. Ikipungua ujue inavuja mahali, na kujaza bila kuziba ni kutia maji kwenye pakacha.

Mzee akaanza kupima, sisi macho kodo. Kwanza aliwasha injini, akawasha AC. Hapo feni zilitakiwa kuzunguka. Kimya. Akapima fyuzi, nzima. Akabadilisha rilei kwa nyingine ya aina ileile, bado kimya.

Pili, akachomoa plagi ya swichi ya joto la maji, ufunguo ukiwa umewashwa. Kwenye Corolla za umri huo swichi hiyo hukata umeme maji yakifika nyuzijoto kama 93, na kukata huko ndiko kunakoamsha feni. Kwa hiyo ukiichomoa, feni inatakiwa iruke hapohapo. Lakini angalia, magari mengine mengi ni kinyume chake, usikariri. Na vidole viwe mbali!

Tatu, akachomoa plagi za feni zenyewe, akazipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Moja ikazunguka kama kichaa, kumbe plagi yake ndiyo iliyokuwa imeungua. Nyingine ikagoma. Akaigonga kidogo na kipande cha mti, ikashtuka, ikazunguka, ikalala tena. Akacheka. "Kaboni zimekwisha." Basi! Injini ambayo ilitaka kushushwa haikuwa na kosa lolote.

Akaweka kaboni mpya na plagi nyingine. Kisha akaiosha kondensa kwa maji, kutoka ndani kwenda nje, zikatoka nyasi na vumbi la Katavi la miaka. Mshale ukatulia. Teksi ikarudi kazini, na mdogo wetu akaripoti shuleni siku ileile na wenzake.

Kabla hujaenda kwa fundi, shika haya. Akitaka kukupigia feni "direct" bila fyuzi wala rilei, mkatalie, waya zitakuja kuungua. Akitaka kung'oa themostati, mkatalie pia, injini itachelewa kupata joto lake na mafuta utayanunua wewe. Ukipatwa porini, zima AC, fungulia hita mpaka mwisho, inavuta joto la injini kuja ndani. Hapo ndipo utachagua mwenyewe kati ya jasho na mbung'o! Mshale ukizidi kupanda, simama, zima. Na mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka ipoe kabisa, utababuka uso.

Mwisho, swali moja tu litakuokolea pesa. Fundi akisema kifaa fulani kimekufa, muulize kwa adabu: "Umepimaje, fundi?" Anayejua kazi atakuonyesha. Anayebahatisha atakasirika. Na akikasirika, wewe chukua ufunguo wako, aga vizuri, ondoka.

Tukijaliwa, tuonane wiki ijayo.