Usiku wa Kuamkia Ijumaa: Funzo la Safari ya Muscat

Wasafiri wengi hudhani kuwa mashaka ya safari huanzia njiani: ndege kuchelewa, mzigo kupotea, mwenyeji kutotokea. Ukweli ni kwamba mengi huanzia nyumbani, wiki kadhaa kabla sanduku halijafungwa, pale mtu anapoyasoma maandishi ya tiketi kwa haraka na kuyafasiri kwa mazoea yake. Kosa langu mimi lilitendeka ukumbini kwetu, Dar es Salaam, siku ya Alhamisi baada ya sala ya Magharibi, na Mama yupo anasikia.

Mama alikuwa anakwenda kumwona dada yake. Mama mkubwa alihamia Oman pamoja na mumewe mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sultan Qaboos, aliyeshika utawala mwaka 1970, aliwaita Waomani waliotawanyika ng'ambo warudi kuijenga nchi yao, na jamaa wengi wenye asili ya huko walitoka Unguja na bara wakaitika. Tangu hapo dada hawa wawili walionana kwa nadra, na mara ya mwisho ilikuwa imepita miaka kumi na mmoja. Habari zilipotufikia kwamba Mama mkubwa yu mgonjwa, na kwamba kila akizinduka humwulizia mdogo wake, haikuhitaji baraza la ukoo kuamua. Mama atakwenda, nami nitamsindikiza. Na kwa kuwa ndimi niliyesoma kuliko wenzangu nyumbani, nikakabidhiwa mipango yote.

Nilianza kwa kujikwaa. Jina la Mama katika pasipoti ni Fatma; mimi nilipokata tiketi niliandika Fatuma, kama tulivyozoea kumwita. Kwetu Fatma na Fatuma ni mtu mmoja, kama walivyo Amina na Mwanamina kwa nyanya zetu. Kwa mashine ya uwanja wa ndege hao ni watu wawili, na mmoja wao hana haki ya kupanda. Wakala aliligundua kosa hilo mapema, nikalipa ada ya kulisahihisha. Laiti ningelichukua kama onyo. Badala yake nilijiona mwangalifu, kwamba nimekwisha kuteleza mara moja na sitateleza tena.

Tiketi iliandikwa Ijumaa, saa 00:40. Nikaihesabu kwa saa zetu: ni saa sita na dakika arobaini za usiku. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Nikawapigia simu jamaa wa Muscat nikawaambia tunaondoka usiku wa Ijumaa. Kisha nikamwambia Mama kwamba Ijumaa mchana tutasali, tutakula, tutapumzika, na usiku tutakwenda uwanjani.

Alhamisi ile, jua lilipokwisha kuzama, Mama alitoka chumbani amekwisha kuvaa baibui, mkoba wake mkononi. Akauliza, "Mwanangu, si usiku huu ndio usiku wa Ijumaa?" Nikacheka kidogo, cheko ambalo hadi leo nalikumbuka kwa haya. Nikamwambia, "La, Mama. Leo ni Alhamisi. Sisi tunaondoka kesho." Hakubishana na mwanawe msomi. Alivua baibui, akaenda kusali Isha.

Asubuhi yake, tukiwa tunakunywa chai, simu ililia. Alikuwa kaka yangu, mtoto wa Mama mkubwa. "Niko hapa uwanjani tangu saa moja," akasema. "Abiria wote wamekwisha kutoka. Nyinyi mko wapi?"

Nilikuwa na kikombe mkononi, Dar es Salaam. Ndege yetu ilikuwa imeondoka tumelala.

Wale jamaa wa Muscat, niliowaambia "usiku wa Ijumaa", walinielewa kwa lugha ya wazee: usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi kwa kuzama jua. Mama alielewa hivyo hivyo. Na kalenda ya shirika la ndege, ingawa inaanza siku yake saa sita ya usiku na si Magharibi, katika jambo hili ilikubaliana nao: saa 00:40 ya Ijumaa ni ule usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliyekosea ni mimi peke yangu, niliyeubandika usiku mwishoni mwa mchana kama tunavyosema siku hizi mjini.

Nafasi mbili zilizofuata zilipatikana usiku wa kuamkia Jumatatu. Fedha za tiketi za kwanza zikapotea, lakini hizo si neno. Jumamosi asubuhi Mama mkubwa alifariki dunia. Akazikwa siku ile ile baada ya sala ya Alasiri, kwani maiti wa Kiislamu hacheleweshwi kwa ajili ya msafiri. Tulifika Jumatatu, siku ya tatu ya taazia.

Msomaji ambaye hajafika Muscat asidhani ni mji mmoja ulioshikana kama Mji Mkongwe. Ni mfululizo wa miji iliyopangika baina ya bahari na majabali makavu ya rangi ya kahawia, ikiungwa na barabara pana. Kutoka Seeb, ulipo uwanja wa ndege, hadi Mutrah penye bandari ya zamani na soko lake, ni mwendo wa gari usio mfupi. Wapo wanaokodi chumba upande mmoja wa mji kwa kuona bei nafuu, ilhali jamaa wanaowaendea wako upande mwingine, na wakaitumia nauli mara mbili ya walichookoa. Huko nako ni kosa la kupanga: kulitazama jina la mji na kusahau ukubwa wake.

Katika mji wa kale zipo ngome mbili juu ya mawe, Jalali na Mirani, walizozijenga Wareno katika miaka ya 1580. Ukizitazama unaikumbuka ngome ya Mombasa, Fort Jesus, waliyoanza kuijenga mwaka 1593. Waomani waliwatoa Wareno Muscat mwaka 1650, na mwaka 1698 wakaitwaa ngome ya Mombasa pia. Baadaye Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja. Ndiyo maana Mswahili hawi mgeni kamili Muscat. Nyumbani kwa Mama mkubwa tulipokewa kwa Kiswahili cha Unguja kilichohifadhika kuliko cha kwetu. Tukaletewa tende, halua, na kahawa nyepesi yenye harufu ya hiliki. Wajukuu waliozaliwa huko walimwamkia Mama "shikamoo".

Huo undugu nao una mtego wake. Kwa kuwa maneno ni yale yale, mtu hudhani kila kitu ni kile kile. Usiku wa kwanza nilimkuta Mama ametandika msala akielekea kaskazini, kama alivyofanya maisha yake yote, kwa kuwa kutoka Dar es Salaam na Unguja Makka iko kaskazini. Mjukuu mmoja alimshika mkono kwa adabu akamgeuza. Kutoka Muscat, Kaaba iko upande wa magharibi. Mama alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tufike, akasema, "Kumbe hata kibla inabidi mtu aulize."

Neno hilo ndilo ningependa kila anayepanga safari ya ng'ambo alikumbuke. Makosa ya wasafiri, makubwa na madogo, yana mzizi mmoja: kutouliza kwa kudhani tunajua.

Tuanze na saa. Tiketi hutumia saa ishirini na nne, na muda wake ni wa mahali husika: wa kuondoka ni wa hapa, wa kufika ni wa huko. Oman iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Mwenyeji akikutajia saa kwa Kiarabu, saba yake ni saa moja yetu. Kwa hiyo safari yoyote iliyoandikwa baina ya 00:00 na alfajiri, iandike karatasini kwa maneno kamili: "Tunatoka nyumbani Alhamisi saa tatu usiku." Wasomee wote wanaosafiri na wote watakaokupokea, na kila mmoja akurudishie kwa maneno yake.

Kisha pasipoti. Nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa angalau miezi sita tangu siku ya kuingia. Pasipoti inayokwisha mwezi ujao si pasipoti, hata kama tarehe yake haijafika. Jina lililomo humo, herufi kwa herufi, ndilo liwe jina katika tiketi na viza. Masharti ya viza ulizwe ubalozi au mamlaka ya nchi yenyewe, wala usitegemee jirani aliyekwenda miaka mitano iliyopita, kwani hubadilika. Na ndege ikipitia nchi ya tatu, uliza pia kama huko kwa kupita tu wanadai viza.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho kina hesabu yake: huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchanjwa. Anayekwenda kuchanjwa siku mbili kabla ya safari amejichoma sindano bure kwa safari hiyo. Habari njema ni kwamba tangu mwaka 2016 cheti hicho hudumu maisha yote ya mwenyewe, basi tafuta kile cha zamani kabla ya kulipia kipya.

Dawa zinahitaji tahadhari kubwa zaidi, hasa kwa wazee wetu. Mama alikuwa na vidonge vya magoti alivyopewa na jirani, vimefungwa katika kipande cha karatasi. Dada yangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyevitoa mkobani. Katika nchi za Ghuba dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli zinadhibitiwa kwa sheria kali, na mtu mwema kabisa anaweza kujikuta mbele ya polisi kwa ajili ya vidonge vyake. Dawa na zisafiri katika kasha lake la asili pamoja na cheti cha daktari, na zile zinazodhibitiwa ziulizwe kabla.

Tazama pia majira. Muscat mwezi Juni joto hupita nyuzi 40, na mzee wa pwani yetu aliyezoea upepo wa bahari huumia. Wakati huo huo Salalah, takribani kilomita 1,000 kusini, huingia katika msimu wa manyunyu na ukungu, na milima ikawa kijani hadi Septemba. Nchi ni moja, hali ni mbili. Mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Mwenye shughuli ya ofisi asipange kufika Alhamisi jioni. Na fedha: rial moja hugawanyika katika baisa 1,000, na thamani yake hupita dola mbili na nusu za Marekani. Mimi mwenyewe nililipa rial tano sokoni Mutrah kwa ubani na vikorokoro, nikajiona nimepata rahisi, hadi nilipoihesabu kwa shilingi.

Haya yote ni ya kuulizwa na kuandikwa. Kutawakali hakumwondolei mtu wajibu wa kumfunga ngamia wake. Ajali ya Mama mkubwa ilikuwa imeandikwa, nami naamini hivyo. Lakini tangu usiku ule sijapata ujasiri wa kuutumia uandikwa huo kama udhuru wangu.

Kaka yangu alinipeleka makaburini baada ya Alasiri. Ni uwanja wa changarawe na mawe, pasipo majina. Tulipokuwa tunarudi aliniambia jambo ambalo hakulisema mbele ya Mama. Ijumaa ile asubuhi, Mama mkubwa aliomba avalishwe leso mpya, na kiti kiwekwe kando ya kitanda chake. Alikitazama hadi Adhuhuri.

Mama hakunilaumu, si huko wala baada ya kurudi. Siku moja tu, tukiwa barazani, alisema kwa upole: "Mwanangu, siku nyingine uniulize. Tiketi siwezi kuisoma, lakini usiku naujua."

Mwaka huu mdogo wangu anakwenda Umra na mkewe. Kabla hajalipa, alileta karatasi zake nyumbani. Tulikaa watu wanne mkekani, yeye akisoma na Mama akifasiri siku kwa vidole. Ilituchukua saa nzima. Tulikuta kosa moja katika jina la shemeji yangu, tukalisahihisha siku ile ile.