Sarafu mbili mezani, na swali la binti yangu

Jumapili jioni binti yangu wa sekondari alinifuata jikoni na daftari la hisabati. "Mama, niazime mia na mia mbili." Swali lilisema: ukirusha sarafu mbili, orodhesha matokeo yote yanayowezekana.

Alikuwa ameandika matatu: viongozi wote, wanyama wote, au mchanganyiko. Nikamwambia azirushe kwanza. Sarafu ya mia ina Mwalimu Nyerere upande mmoja na swala upande wa pili. Ya mia mbili ina Mzee Karume na simba. Baada ya kurusha mara kadhaa akaona mwenyewe kuwa mchanganyiko uko wa aina mbili. Akafuta, akaandika manne: Nyerere na Karume, Nyerere na simba, swala na Karume, swala na simba. "Kwa hiyo wanyama wote ni 1 kati ya 4," akasema.

Niliacha kukata mchicha. Maneno hayo niliyasikia kliniki miaka mingi iliyopita, binti huyu alipogundulika ana selimundu. Mimi na baba yake ni wazima, ila kila mmoja wetu amebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa huo. Mtoto huchukua kimoja kwa baba, kimoja kwa mama. Tuseme mnyama ndiye kinasaba cha ugonjwa: anayeugua ni yule aliyeangukiwa na swala na simba kwa pamoja. Tuliambiwa uwezekano ni 1 kati ya 4.

Nyumbani tulielewa tulivyotaka. Mama mkwe alinifariji: "Mwanangu, baya limeshatoka, yamebaki mazuri matatu." Tukaamini. Mtoto wa pili akazaliwa, naye akakutwa na selimundu. Hapo minong'ono ikaanza: ugonjwa huu ni wa ukoo wa nani? Mimi nilijilaumu kwa miaka, nikidhani kuna jambo nililikosea katika mimba ile.

Jioni hiyo ndipo nilipoelewa. Ile 1 kati ya 4 si foleni ya watoto wanne. Ni hesabu ya kila mimba, upya. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana.

Tukaendelea kuhesabu. Mimba ya kwanza ina matokeo 4, ya pili 4, kwa hiyo kwa watoto wawili ni 4 mara 4, yaani 16. Tukachora jedwali. Katika visanduku 9 watoto wote wawili hawaugui. Katika 7 yupo angalau mmoja anayeugua. Kisanduku kimoja tu ndicho cha wote wawili wagonjwa, na ndicho kilichotuangukia. Si laana, wala si kosa la mama au baba.

Mzazi mwenzangu, kama hamjapima, nendeni wote wawili. Ni kipimo cha damu tu. Mtu aliyebeba kinasaba kimoja kwa kawaida haumwi, ndiyo maana wengi hatujijui mpaka mtoto aanze kuvimba vidole na kulia usiku.

Nilidhani somo limekwisha. Binti yangu akazigeuzageuza zile sarafu, akasema taratibu, "Mama, sarafu yangu mimi ina mnyama pande zote mbili."

Nikakosa la kumjibu. Yeye akashika kalamu. Akiolewa na asiyebeba kinasaba, akaandika, matokeo yote 4 ni watoto wasiougua, ingawa kila mmoja atabeba kimoja. Akiolewa na aliyebeba kimoja, kama baba yake, wanaougua ni 2 kati ya 4.

Akafunga daftari. "Basi atakayenichumbia atapima kwanza," akasema, akanirudishia shilingi mia tatu zangu.