Nani Atamwambia Mama Asiwalishe Samaki?

Ukisikia mtu na mumewe wamenuniana siku nne, utafikiri ni nyumba ndogo, au mshahara umeishia njiani. Sisi tulinuniana kwa sababu ya mwani. Nyuzi za kijani, laini kama nywele, zilifunika mawe ya tangi letu la samaki wa maji chumvi pale sebuleni, mpaka wageni wakawa wanauliza samaki wenyewe wako wapi.

Tangi ni la baba watoto. Lita 200, samaki watano, na bei siitaji, maana mawifi zangu wanasoma jarida hili. Yeye alitaka dawa. Akanunua kichupa: unamwaga leo, kesho mawe meupe. Nikakataa katakata. Baadhi ya dawa hizo zina shaba, na shaba inaua konokono na kaa wanaosafisha tangi. Halafu mwani ukifa wote kwa mpigo unaozea humo humo, unamaliza hewa ya samaki na kurudisha majini chakula kile kile kilichouotesha.

Chakula chenyewe ni naitreti na fosfeti, vinavyotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya wanachopewa. Hapo ndipo pagumu, kwani mlishaji mkuu alikuwa Mama mkwe. Mama ni mtu wa Paje, Unguja, na kwake mgeni halali njaa. Asubuhi anawatupia, mchana anawatupia, na baada ya Isha anawaonjesha chembe za mkate "wasilale hivi hivi". Jamani, samaki wetu wale wangetosheka na mlo mmoja mdogo kwa siku, wanaoumaliza kwa dakika mbili!

Lakini nani amwambie? Nikisema mimi, kesho Paje nzima inajua mkwe wa Dar ana roho mbaya. "Ni mama yako, mwambie wewe," nikasema. Baba watoto akaongeza sauti ya TV. Kwa maoni yangu kile kichupa hakikuwa dawa ya mwani, kilikuwa dawa ya kukwepa mazungumzo.

Tukapima maji, naitreti ikasoma karibu sifuri. "Unaona? Chakula si tatizo!" Hapa wengi wanadanganyika. Kipimo kinasoma kilichobaki majini tu, kile ambacho mwani umeshakula hakionekani.

Basi nikaanza na yale yasiyomhusu mkwe. Taa tukazishusha kutoka saa 12 hadi 8 kwa siku. Maji yakipungua kwa joto la Dar, tunajazia maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa vizuri, si ya kisima, kwani chumvi haiondoki na mvuke. Kila wiki tunabadilisha asilimia 10. Na kung'oa kwa mkono, jiwe moja moja, ukisugua kwa mswaki ndani ya beseni, usithubutu kusugulia ndani ya tangi.

Ni kwenye beseni ndipo Mama alinikuta. Akachukua uzi mmoja, akauvuta, akaunusa. Kilimo cha mwani kilipoanza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, yeye alikuwa miongoni mwa wanawake waliofunga kamba baharini. Nikamweleza unachokula. Akanyamaza muda, tumbo likanikata.

"Kumbe mie ndiye ninayeutilia mbolea?"

"Mama, sote tunalisha."

Akacheka. Nilipomwambia kwamba wafugaji wengine huotesha mwani wa aina nyingine, usio msumbufu, kwenye chumba cha nyuma cha tangi, wakauwashia taa usiku na kuuvuna ili uondoke na hiyo mbolea, alinikatiza: "Hilo ni shamba. Niachieni mimi."

Siku hizi anapima chakula kwa kifuniko cha chupa ya soda, mara moja tu, na uduvi wa barafu anausuuza kwanza. Wiki mbili za mwanzo hakuna kilichobadilika na baba watoto alikuwa akikitazama kichupa chake. Wiki ya sita mawe yakaanza kuonekana. Nyuzi hazijaisha zote, na sidhani zitaisha, ila konokono sasa wanazimudu.

Kichupa kiko juu ya friji, hakijafunguliwa. Mwenyewe anasema ni cha dharura.