Deni la Mwanzo

Filamu ya Mother India, aliyoiongoza Mehboob Khan mwaka 1957, haifunguki kwa kishindo. Yafunguka kwa uso wa ajuza, Radha, aliyeigizwa na Nargis, ameshika bonge la udongo. Wanakijiji wamjia wakimtaka afungue mfereji mpya wa maji. Avikwa shada la maua. Harufu yake yamrejesha siku ya harusi yake, na hapo hadithi yaanza.

Kihindi sikijui ila maneno mawili matatu ya nyimbo, na pale sikuhitaji mkalimani. Uso ule umekwisha kutuonyesha mwisho wa safari. Kilichofichwa ni njia. Mtazamaji keshakuwa mdai, na mdai haondoki barazani mpaka alipwe. Hulipwa mwishoni, mfereji ufunguliwapo na maji yakageuka mekundu.

Washairi twauita mshororo wa kwanza wa ubeti mwanzo, na wa mwisho kituo. Kila nifasiripo shairi la kigeni, kishawishi kikubwa ni kuufafanua mwanzo, msomaji asije akapotea. Nakikataa. Mwanzo uliokwisha kuelezwa ni deni lililolipwa mlangoni: mdai hupokea chake, akaenda zake.