Nilipokwenda Aspen kumwona dada

Haya jamani, nimerudi. Najua nimekuwa kimya karibu miezi miwili, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimefungwa au nimeoa. Hakuna hata kimoja. Nilikuwa Marekani, mji wa Denver, kwenye mafunzo ya uandishi ya wiki sita. Hayo mafunzo nitayasimulia siku nyingine. Leo nataka kusimulia safari ya siku mbili tu niliyoifanya nje ya mafunzo, ambayo mpaka sasa haijanitoka kichwani.

Siku chache kabla sijaondoka, mama mkubwa aliniita Marangu. Akanikalisha nje, akanimiminia mbege, akasubiri nimalize. Halafu akasema: "Mwanangu, ukifika huko nenda ukamwone dada yako. Picha anazotuma ni nzuri mno. Mimi mama, picha nzuri mno zinanitia wasiwasi. Ukirudi uniambie ukweli. Si ndiyo kazi yako?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Dada huyo ni binti yake. Kwa Kiingereza wangesema ni binamu, lakini sisi tumelelewa pamoja, ni dada basi. Miaka saba iliyopita alishinda ile bahati nasibu ya viza ya Marekani, na sasa anafanya kazi hotelini Aspen, jimbo la Colorado. Picha zake mnazijua hata kama hamjaziona: theluji nyeupe, anga ya bluu, milima kama ya kwenye kalenda, naye katikati amevaa koti jekundu, anacheka.

Nikapanda basi kutoka Denver hadi Glenwood Springs, safari ya kama kilomita 250 katikati ya milima. Dada akanipokea stendi. "Shikamoo dada." "Marahaba, bwana mdogo, umenenepa!" Tukakumbatiana, tukalia kidogo, tukacheka. Mimi nikauliza, haya, Aspen iko wapi? Akanionyesha barabara inayopanda bondeni. "Kule juu, kilomita kama 65. Mimi nakaa huku. Kule nafanya kazi tu."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini mama mkubwa hakucheka.

Niwape historia kidogo, maana usiku ule sikulala nikisoma. Bonde lile lilikuwa la Wahindi Wekundu wa kabila la Ute. Mwaka 1879 wakaja watafuta madini ya fedha, mwaka uliofuata mji ukaitwa Aspen, jina la mti ambao majani yake hutetemeka hata kwa upepo mdogo. Mwaka 1881 Waute walio wengi walikuwa wameshahamishwa Colorado kwa nguvu. Mji ukapaa. Tajiri mmoja, Jerome Wheeler, akajenga hoteli na jumba la opera, yote mawili yakafunguliwa mwaka 1889. Nikasimama kwenye tarehe hiyo, kwa sababu ndio mwaka Hans Meyer alipofika kilele cha Kibo, na wazee wetu wa Marangu wakimwongoza na kumbebea mizigo. Milima miwili, mwaka mmoja, wageni wana haraka.

Mwaka 1893 serikali ya Marekani ikaacha kununua fedha kwa mtindo wa zamani na bei ikaanguka. Migodi ikafungwa. Mji uliokuwa na watu zaidi ya 10,000 ukabaki na watu kama 700 tu ifikapo 1930. Nyumba zilikuwa nyingi kuliko watu, na nyumba yenyewe ungeweza kuipata kwa bei ya kutupa. Hili likumbukeni, tutalirudia.

Kilichoufufua mji ni kitu ambacho wachimba madini walikuwa wakikilaani: theluji. Katikati ya miaka ya 1930 vijana matajiri wakiongozwa na Billy Fiske, bingwa wa Olimpiki, walianza mipango ya kituo cha kuteleza kwa ski. Vita vikakatiza, na Fiske mwenyewe akafa mwaka 1940 akiwa rubani upande wa Waingereza. Kisha akaja Friedl Pfeifer, Mwaustria aliyekuwa akifanya mazoezi na jeshi la milimani la Marekani kambi ya jirani. Aliuona mji, akaupenda, akapigana Italia, akajeruhiwa vibaya, akarudi palepale. Akakutana na Walter Paepcke, mwenye kiwanda cha maboksi huko Chicago. Mmoja ana ndoto ya ski, mwingine ana pesa. Mwaka 1946 wakaanzisha kampuni, na Januari 1947 ikazinduliwa lifti ya viti iliyokuwa ndefu kuliko zote duniani wakati huo.

Paepcke, cha ajabu, hakuvutiwa sana na ski. Alitaka mji ambao mtu angeushughulisha mwili, akili na roho kwa pamoja. Mwaka 1949 akaandaa sherehe za miaka 200 ya kuzaliwa mshairi Goethe, na mgeni mkuu alitoka Afrika! Ndiyo, Albert Schweitzer, daktari wa hospitali ya Lambaréné kule Gabon. Ndiyo safari pekee aliyowahi kuifanya Marekani, na akaifanya kwenda kwenye mji mdogo uliokuwa bado unakung'uta vumbi la migodi. Baada ya hapo ikazaliwa taasisi ya mijadala na tamasha la muziki, na vyote vipo hadi leo. Mwaka 1950 yakafanyika mashindano ya dunia ya ski. Mwaka 1958 ikafunguliwa milima mingine miwili, Buttermilk na Aspen Highlands, na mwaka 1967 Snowmass.

Sasa turudi kwa dada. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa kituoni, baridi inauma mpaka meno. Basi likaja. Ndugu zangu, nimepanda mwendokasi wa Dar, lakini huu wa huko ulianza mwaka 2013, nao ndio wa kwanza Marekani kuwekwa vijijini. Wasafi, wana joto, wanafika kwa wakati. Ndani wengi walikuwa Wamexico na Wasalvador, wamefunga kofia hadi machoni, wamelala wima kama abiria wa daladala ya Mbagala asubuhi ya Jumatatu. Mpishi, mfagizi wa theluji, yaya, fundi bomba. Dada alikuwa anawajua karibu wote. Mama mmoja akanipa mkate wa moto wenye maharage ndani, hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja, tukatabasamu tu.

Kadiri basi lilivyopanda, nyumba zilizidi kuwa kubwa na taa zilizidi kupungua. Nikamuuliza dada, mbona giza? Akasema, "Wenyewe hawapo. Wanakuja Krismasi, wanakuja na Julai." Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Aspen nimeona kinyume chake: penye nyumba hapana wakaaji.

Mji wenyewe ni mzuri, siwezi kusema uongo. Matofali mekundu ya enzi za migodi, jumba la opera la Wheeler bado limesimama, mlima unaanzia mwisho wa mtaa kabisa, kama vile ukitoka dukani unaweza kuugonga kwa paji la uso. Mji uko mita 2,400 juu ya bahari, wakazi hawazidi sana 7,000. Maduka ni yale ya Paris na Milan. Tiketi ya lifti kwa siku moja, ukiinunua dirishani msimu ukiwa umechanganya, ni zaidi ya dola 200. Nikapiga hesabu kwa shilingi nikaona bora nisipige. Mwaka 2024 nyumba moja iliuzwa dola milioni 108. Nyumba, si hoteli.

Na ilikuwaje mji wa nyumba za kutupa ukafika huku? Hapa nilikuwa nimejiandaa kumkuta mwovu mmoja, nimwandike vizuri, nirudi nyumbani. Sikumpata. Miaka ya 1970 wenyeji, wengi wao vijana waliokimbilia huko kwa kupenda maisha ya milimani, waliona mji unaharibika. Mwandishi Hunter Thompson aligombea hata ukuu wa polisi mwaka 1970 akipinga matajiri wa viwanja, akashindwa kwa kura si nyingi. Waliomfuatia wakapunguza kabisa ruhusa za kujenga ili kulinda bonde. Bonde likalindwa kweli. Lakini kitu kizuri kikiwa kichache, na anayekitaka ni tajiri wa dunia nzima, bei inakwenda wapi? Walichokilinda ndicho kilichowatoa.

Na tuwe wakweli, hawakukaa mikono mfukoni. Mji na wilaya yake wana nyumba kama 3,000 zilizotengwa kwa wafanyakazi kwa bei nafuu, jambo ambalo sijaliona kwenye miji yetu ya utalii. Ufanye kazi wilayani angalau saa 1,500 kwa mwaka ndipo uombe. Lakini waombaji ni wengi, kwa hiyo nyumba ya kununua ikipatikana hupigwa bahati nasibu. Dada ameingia mara tatu, amekosa mara tatu. "Bahati yangu niliitumia yote kwenye viza," akasema, akacheka ule mcheko wa kwenye picha.

Mchana nilikaa nje nikiwatazama watu wakishuka mlimani. Wanateleza kwa raha, wepesi kama ndege, na wote wakifika chini kuna mtu wa kuwapokea mbao zao, mtu wa kuwapa chai, mtu aliyeshatandika kitanda. Nikamkumbuka marehemu baba mkubwa. Alikuwa mgumu, kama tunavyowaita wapagazi wa Kilimanjaro. Miaka na miaka alibeba mahema ya watu, viti vya watu, mpaka choo cha watu, kwenye mlima ambao yeye aliuona kila siku akifungua mlango. Siku hizi sheria inasema mzigo usizidi kilo 20. Wakati wake ilikuwa unabeba ulichopewa.

Usiku, kabla ya kulala, dada akaniambia taratibu: "Mama usimwambie kuhusu chumba." Wanalala watatu, yeye na wenzake wawili wa kazini, na kodi bado inakula nusu ya mshahara. "Mwambie tu kazi ipo na watu ni wazuri. Si uongo." Kweli si uongo. Kazi ipo na watu ni wazuri. Lakini ninyi mnaofanya kazi hii yangu mnajua jinsi ukweli nusu unavyotosha kutengeneza uongo mzima.

Nimerudi wiki jana. Nikaenda Marangu na zawadi zangu, mama mkubwa akazisukuma pembeni. "Anakaa wapi?" Hilo tu. Nikasema, mama, anakaa mbali na kazi. Karibu kama kutoka Moshi hadi Arusha, kwenda na kurudi, kila siku, wakati wa baridi kali. Kuhusu chumba sikusema, nilikuwa nimeahidi.

Akanyamaza muda mrefu, anaangalia mlima. Kibo kilikuwa wazi siku hiyo, theluji yenyewe imebaki kidogo. Kisha akasema, "Kumbe kama baba yake." Akaingia ndani, akatoka na simu. "Nipigie. Nataka kumwambia asitume hela ya bati mwezi huu. Bati la zamani halivuji sana."

Linavuja, nimelala chini yake.

Habari hii nimemsomea dada kwa simu kabla ya kuiandika hapa, pamoja na ile ya chumba. Kimya kikapita, akasema: "Weka. Jina langu usiweke." Mama mkubwa hasomi intaneti, lakini watoto wa jirani wanasoma, kwa hiyo Jumamosi hii dada atamwambia mwenyewe. Nimemwomba niwepo, amekataa.

Haya wadau, mlio Moshi, Arusha, Nungwi, na mlio huko mbali. Ninyi mnaofanya kazi kwenye miji mizuri, mnalala wapi? Niambieni, ila nyumbani nako mwambieni.